Mkono wa Lusia

Lusia alikuwa akishona midomo ya magunia ya mahindi katika ghala la ushirika Iyunga, gauni lake la maua limejaa vumbi, Faustin aliposhuka kwenye lori kutoka Iringa. Tangu siku walipokutana mara ya kwanza, wakigombea sufuria moja sokoni Mwanjelwa, Faustin akamwachia, hakuwahi kumsalimu kwa ubaridi namna hii.

"Habari za kazi, dada Lusia."

"Leo nimekuwa dada?"

Faustin alikuwa karani wa mizani. Mtihani wa kidato cha sita aliufaulu, na masomo ya Chuo Kikuu yangelipiwa na serikali. Ila siku hizi alama peke yake hazikutosha. Mtu alitakiwa kwanza afanye kazi, kisha wenzake wakae kikao kumthibitishia tabia. Wiki iliyopita wenzake walikaa, yeye akasubiri nje. Kupitia dirishani aliona mikono yote imenyooshwa, isipokuwa wa Lusia. Akapanda lori bila kuaga.

"Kama hutaki nikasome, ungeniambia," alisema. "Ungeweza kunikosesha chuo."

"Umekikosa?"

"Sijauliza."

"Umepita. Mwenyekiti wa kikao, Fanueli, amepeleka jina lako tawi la chama." Lusia akakata uzi kwa meno. "Huko Iringa ulifika kwa baba yangu?"

"Nilifika Ipogolo, nikaiona nyumba. Nikashindwa kubisha hodi."

"Hasira za bure. Kabla ya kura Fanueli alisema ndugu na wachumba wasinyooshe mkono, tawi lisije likasema ni upendeleo. Watu wote wakanigeukia. Ningenyoosha, ningekuwa nimekukana."

Damari, mwenzake aliyekuwa akipanga magunia, akacheka. "Shemeji, Iyunga nzima inajua. Umebaki wewe."

Faustin akakaa juu ya gunia.

"Kwa hiyo umejiposa mwenyewe?"

"Mwanamume alikuwa nje. Ningefanyaje?"

"Chuo ni miaka mitatu, mpenzi."

"Najua. Ndiyo maana nataka ng'ombe wa mahari kutoka kwenu Usangu wafike Ipogolo kabla hujaondoka."

"Baba, Mzee Kashindye, atauliza haraka ya nini."

"Mwambie mwanawe ni mwepesi wa kupanda malori."

Faustin akatabasamu, akavua koti, akamshikia mdomo wa gunia. Walifanya kazi mpaka mwanga wa mlangoni ukafifia. Magunia ya upande wa ukutani yalikuwa bado wazi.

"Haya tutayashona kesho," alisema Lusia, akachomeka sindano kwenye gunia lililoshonwa nusu.