Kiapo cha Doña Hortensia

— Hakimu nitamwambia mwanangu anarudi kwangu. Kwangu, si kwako. Na akishatoka, umwache.

Nahúm alikuwa ameshikilia usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa. Pembeni yake alikaa Doña Hortensia, mama yake Ulises, pochi mapajani, mkanda hajafungua. Mbele yao ulikuwa uzio wa jela ya wahamiaji, na jua la Arizona lilishaanza kuchoma.

— Mama, mimi na Ulises tunaishi pamoja mwaka wa sita huu.

— Wewe ni rafiki yake.

— Si rafiki, mama. Na unajua.

— Basi ingia wewe ukamsemee.

Hapo alimshinda. Nahúm hakuwa na makaratasi. Pale mlangoni walidai vitambulisho, na akiingia huenda naye asitoke. Kati ya ndugu wa Ulises, mwenye kibali cha ukaazi ni mama huyu tu, na asiposimama kumdhamini, Ulises atarudishwa kwao Sinaloa, mahali alipotoka akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

— Na kile kitambaa chenu mkikunje. Sitaki aibu.

Kitambaa chenyewe kilikuwa bango la rangi za upinde wa mvua, lenye maneno NA SISI NI WAHAMIAJI, ambalo wenzao wa kundi walilinyoosha kwenye uzio. Nahúm na Ulises walilishona wenyewe, mwaka ule viongozi wa maandamano ya wahamiaji walipowaomba wafiche mapenzi yao ya wanaume wawili ili wasiharibu kesi za wengine. Ulises alisimama kikaoni akasema: "Serikali hainifukuzi nusu, kwa hiyo siandamani nusu." Nahúm alimpenda upya siku ile.

Sasa akashuka, akalikunja bango mbele ya macho ya wenzake. Alijisikia msaliti.

— Nimekubali, mama. Mtoe tu.

Mama akaingia na Marva, Mjamaika aliyekuwa kiongozi wa kundi lao, yeye ana uraia. Baadaye kidogo ujumbe wa Marva ukaingia kwenye simu ya Nahúm: "Simu wanazichukua hapa. Kaa hapo hapo, usifanye ujinga."

Alikaa. Kila lango lilipolia, alinyanyua kichwa. Mwisho akamwandikia Ulises: "Mama yako anakutoa. Usinitafute, mpenzi. Nimeahidi." Akatuma. Simu ya Ulises ikatetemeka kwenye droo ya gari, alikoiacha siku aliyokamatwa, na Nahúm akalia kama mtoto.

Walipotoka, Marva alikuwa anapunga mikono.

— Dhamana imekubaliwa! Anatoka jioni!

Nahúm akaegemea gari.

— Asante, mama. Nguo zake nitazileta kwako.

— Za nini?

— Si tulikubaliana?

Doña Hortensia akasonya.

— Hakimu kaniuliza mwanangu anatumia dawa gani ya pumu. Sijui. Anafanya kazi wapi. Sijui. Namtazama Ulises anisaidie, naye anatazama mlango nyuma yangu. Anakutafuta wewe.

— Ukasemaje?

— Nikasema anaishi na mwenzake, huyo ndiye anayejua hayo yote. Akaniuliza kama nyumba hiyo naijua. Nikaapa.

— Ukaapa nini, mama?

— Kwamba nakula pale kila Jumapili.

Nahúm akamkodolea macho. Mama huyu hajawahi kukanyaga kwao hata mara moja. Marva aligeukia pembeni, mabega yakitikisika kwa kicheko.

— Usiniangalie hivyo. Nimedanganya na msalaba shingoni, kwa ajili yenu. Jumapili nakuja kula, na pilipili usitie nyingi, tumbo langu halitaki.

— Sawa, mama.

Nyuma yao wenzake walishaanza kulikunjua bango. Mama aliliona. Akaingia garini. Nahúm akafungua droo, akatoa simu ya Ulises, akaufuta ule ujumbe.

— Washa gari basi, tukamchukulie nguo, — mama alisema akifunga mkanda. — Haya, nyumba yenu iko wapi?