Karibuni Nyote Wawili

Jioni ile nilitoka nyumbani kutafuta mpira wa dirisha. Huo tu. Mpira mweusi wa kuzuia maji, mita tatu na nusu.

Kombi ilikuwa ya mume wangu, Barend. Aliinunua ikiwa mkweche, imetelekezwa shambani kwa mtu, kuku wanataga ndani. Akaihangaikia miaka sita uani kwetu hapa Vredendal. Akaweka kitanda, jiko dogo la gesi, mapazia, na paa la kuinuka ili mtu aweze kusimama wima. Tulipanga kwamba akistaafu tutaifuata pwani yote, tukilala popote patakapotupendeza.

Alistaafu Ijumaa. Jumatano iliyofuata moyo wake ulisimama, mswaki ukiwa mkononi.

Baada ya miezi minane nikaamua nitakwenda mwenyewe. Binti yetu Lizelle alikuja juu.

"Mama, wewe hata kuegesha gari huwezi!"

"Nitajifunza."

"Na miaka hamsini na tisa hiyo?"

"Wewe umejifunza kupika lini? Mbona mumeo bado yuko hai?"

Akacheka, mkono juu ya tumbo. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Muuza vipuri nilimkuta akifunga duka. Akakipindapinda kile kipande cha mpira nilichompelekea, akatikisa kichwa, akaniita shangazi kwa lugha ya kwetu.

"Tannie, huu waliacha kuutengeneza mimi sijazaliwa. Ingia mtandaoni. Wenye makombi ya zamani wana vikundi vyao. Wanapeana kila kitu."

Nikaingia pale pale, nimesimama kando ya kombi, jua likizama nyuma ya maghala ya mvinyo. Kikundi kiliitwa Nyumba za Barabarani. Watu mia mbili na kumi na mmoja. Sharti lilikuwa moja: mgeni aweke picha ya gari lake. Nikapiga, nikatuma, nikajiandikisha kwa jina langu la utani, Doortjie.

Majibu yakamiminika.

*Karibuni nyote wawili.*

*Karibuni sana, nyote wawili!*

*Nyote wawili mmetulia hapo. Karibuni.*

Nikaandika: *Niko peke yangu. Nimefiwa.*

Nikasubiri. Dakika tano. Kumi...

Kisha akaandika msimamizi, mama mmoja aliyejiita Tannie Makkie. *Humu hakuna aliye peke yake, mpenzi. Tuambie habari zake.*

Niliirudia ile picha. Nikaikuza. Kwenye dirisha la nyuma, pazia lilikuwa limesogezwa kidogo, upana wa vidole vinne. Nyuma yake palikuwa na kitu cheusi. Labda mto. Labda koti lake la mvua, maana sikuwahi kulitoa.

Labda.

Mpira ulinifikia baada ya siku tatu, zawadi kutoka kwa mwanachama nisiyemjua. Nikaubandika. Nikaondoka.

Desturi ya kikundi ilikuwa kwamba kila jua linapozama, kila mtu aeleze alipoegesha. Mimi nikieleza, waliniuliza juu ya Barend. Alikunywa nini asubuhi? Alitembeaje? Alicheka vipi?

Lazima mnielewe. Mjini kwetu watu walishachoka na Barend wangu. Kanisani nikianza tu, "Barend alikuwa...", mtu anakumbuka chungu jikoni. Hata Lizelle alikuwa anabadilisha mazungumzo, kwa kuniogopea machozi. Na hapa walikuwapo watu mia mbili wanaotaka kujua mume wangu alimenyaje chenza.

Niliwaambia. Alilimenya kwa ganda moja refu lisilokatika, kisha akalitia ganda mfukoni. Mashati yake yote yalinuka machenza. Nikawaambia hakuingia nyumbani bila kukohoa mara mbili mlangoni, hata kama nyumba ni yake. Nikawaambia kahawa yake ilikuwa na maziwa ya kopo, vijiko vitatu, na alikoroga mpaka mtu unataka kumnyang'anya kijiko. Kila jioni niliandika. Kila jioni kifua kikawa chepesi zaidi.

Siku ya tano nilikuwa kambi ya pwani, Strandfontein. Ukungu uliingia kutoka baharini saa kumi na moja, ukameza mahema ya wengine, ukameza choo, ukameza taa. Nilikuwa nimeketi ndani, mlango wa kando umefungwa, nachemsha maji.

Nje, mtu akakohoa.

Mara mbili.

Nikazima jiko. Kimya... Mawimbi tu. Halafu harufu ikapenya, taratibu, kupitia ule mpira mpya wa dirisha.

Machenza.

"Barend?" nilinong'ona.

Gari likainama upande wa nyuma, kama linavyoinama mtu mzito anapoketi kitandani.

Sikugeuka. Lakini sikuogopa. Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliteremsha vikombe viwili.

Nikawaandikia wenzangu. Wakanijaza mioyo myekundu.

*Ameanza kuja.*

*Hongera, Doortjie.*

*Mwongezee. Bado hajatimia.*

Neno hilo la mwisho nililisoma mara mbili. Kabla sijauliza maana yake, ujumbe ukaingia pembeni, kwangu peke yangu. Mzee aitwaye Oom Flip, yaani Mjomba Flip, ambaye kikundini alikuwa haandiki kitu ila jina la mahali na nukta.

*Dada, acha kumsimulia.*

*Kwa nini, Oom?*

*Unachowapa hakirudi. Huniamini? Waambie uongo mmoja. Mmoja tu. Kisha sikiliza.*

Nilikasirika. Wivu wa kizee, nilijiambia. Lakini kesho yake, nikiwa nakoroga kahawa, nikatunga. Nikaandika kwamba Barend alikuwa akiniita Tetere. Tulipooana, nikaandika, nilikuwa na shingo ndefu na sauti ya chini, akanipa jina la ndege. Uongo mtupu. Neno hilo halikuwahi kutoka kinywani mwa mume wangu. Wakafurahi sana. Tannie Makkie aliandika, *Zuri hilo. Hilo atalipenda.*

Jioni ukungu ukarudi.

Kikohozi. Mara mbili.

Harufu.

Gari likainama.

Na nyuma ya kisogo changu, karibu kiasi kwamba nywele zilisogea, sauti ya Barend, ile ile, yenye mkwaruzo wa tumbaku, ikasema:

"Tetere."

Mkojo ulinitoka. Nasema kweli, sioni aibu.

"Tetere wangu. Mbona humimini kahawa?"

Niliuvuta mlango, nikaangukia kwenye mchanga, nikakimbia hadi bafu la kambi, nikajifungia humo. Nikakaa sakafuni. Nikajiambia, Dorothea, tulia, yule si yeye. Mkumbuke wa kweli. Mkumbuke umlinganishe. Kikohozi chake cha kweli kilikuwaje?

Nikatafuta.

Hakuna.

Harufu ya shati lake? Hakuna. Kicheko? Nilijua alikuwa akicheka, kama mnavyojua babu yenu aliyekufa kabla hamjazaliwa alikuwa akicheka. Nikafungua simu, nikasoma yote niliyoandika siku zile. Ganda refu. Vijiko vitatu. Niliyasoma kama habari za mume wa jirani. Na haya niliyowasimulia hapo juu, msidhani nayakumbuka. Nayanakili.

Nikampigia Lizelle.

"Mama? Unalia? Nini?"

"Baba yako alicheka vipi?"

"Nini?"

"Jibu tu!"

"Mama, unanitisha. Rudi nyumbani."

Alfajiri nilitoka bafuni. Kando ya kombi yangu palikuwa pameegeshwa nyingine, ya rangi ya maziwa, na mbele yake meza ya kukunja, viti viwili, vikombe viwili, sahani ya mikate mikavu. Mama mwembamba mwenye skafu alikuwa akichovya mkate kwenye kahawa.

"Keti, mpenzi," alisema. "Hapo sipo, hapo pana mtu. Kaa kwenye hicho kikapu."

Kiti alichonizuia kilikuwa kitupu. Lakini turubai lake lilikuwa limebonyea.

"Tannie Makkie?"

"Ndiye mimi. Umemkimbia mwenzako usiku kucha, na baridi hii. Hivyo ndivyo mnavyotendeana kwenu?"

"Yule si mume wangu."

"Nani amekwambia ni mumeo?" Alisema bila ubaya, kama muuguzi. "Ulitaka wa kukohoa mlangoni, umepata wa kukohoa mlangoni."

"Ni kitu gani?"

"Mimi nilikikuta. Aliyenikaribisha naye alikikuta. Kinapenda njia, na kinapenda kusimuliwa. Zaidi ya hapo sijui, na sijauliza."

"Wako aliitwa nani? Mumeo?"

Akaacha kuchovya. Mkate ukalainika, ukakatika, ukazama kikombeni.

"Yeye anajua," alisema, akikionyesha kile kiti kitupu kwa kidevu. "Mimi nikitaka, namuuliza."

"Nitaliuza gari. Nitalichoma moto."

"Flip aliuza lake jana. Mwandikie, umuulize anaendeleaje."

Nikaandika mbele ya macho yake. *Oom Flip, ni mimi Doortjie. Ulikuwa unasema kweli.*

Jibu lilikuja baada ya muda kidogo.

*Samahani mama. Hii simu nimeikuta mfukoni mwangu. Unanifahamu? Kuna watoto hapa wanasema ni wajukuu wangu.*

Tannie Makkie alilisoma begani kwangu, akapangusa macho kwa ncha ya skafu. Machozi yalikuwa ya kweli.

"Ukikitupa, kinaondoka na ulichokipa, kisha kinachukua na ya ziada," alisema. "Ukikaa nacho, angalau unaweza kumsikia. Kunywa kahawa, mpenzi. Inapoa."

Nilirudi Vredendal siku hiyo hiyo. Saa tatu za njia za vumbi maana niliogopa barabara kuu, na saa zote hizo nyuma yangu kijiko kilikuwa kikizunguka kikombeni. Kring, kring, kring. Sikufungua mdomo. Niliegesha uani, nikafunga milango yote, nikajiondoa kwenye kikundi. Mkuu wa kanisa letu alikuja, akaomba akiwa amegusa boneti, akanywa chai, akasema ni huzuni, itapita. Sikumlaumu. Kwake gari lilikaa kimya.

Wiki kumi nilivumilia. Nililala na redio ikiwa juu.

Kisha Lizelle akaja kukaa kwangu, mimba imekuwa kubwa, miguu imevimba. Jioni moja alikuwa ameketi kwenye ngazi za jikoni, anapepea uso kwa gazeti.

"Mama, ule wimbo wa Baba. Wa kutulaza. Nataka nimwimbie mtoto, lakini nimekwama baada ya mstari wa kwanza. Unaendaje?"

Nikageukia sinki. Maneno yake nilishayasoma, niliyaandika kikundini siku ya tatu. Lakini wimbo wenyewe, kupanda kwake na kushuka kwake, mahali pake kichwani mwangu palikuwa ukuta.

"Nimesahau, mwanangu."

"Utasahauje? Alituimbia miaka kumi!"

"Nimesahau, Lizelle. Basi."

Akarudi kupepea uso. Uani giza lilikuwa halijaingia sawasawa, bado ungeweza kuona mabati ya jirani. Na kutoka kwenye kombi, polepole, kwa sauti yenye mkwaruzo, wimbo ukaanza. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wote.

Gazeti likamtoka mkononi.

"Papa?"

"Lizelle, usiende. Lizelle!"

Alikuwa na tumbo la miezi sita na alinipita kama mtoto anayekimbilia mpira. Nilimdaka mkono kwenye mlango wa kando. Mlango ulikuwa wazi. Mimi nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

"Niachie, Mama! Humsikii? Ni yeye!"

"Siye. Nakuapia siye."

"Basi wa kweli yukoje? Niambie!"

Nilimng'ang'ania mkono. Akanisukuma, akapiga magoti kwenye kizingiti, machozi na kicheko pamoja, na maneno yakamtoka kwa wingi.

"Papa, unakumbuka mfereji? Uliponifundisha kuogelea? Nilikuwa na miaka sita, nimekung'ang'ania shingo, nimekukwaruza mpaka damu, ukasema hutaniachia mpaka niseme mwenyewe niachie. Na mimi nikasema. Unakumbuka? Nikasema niachie, Papa, na nikaelea..."

"Nakumbuka sasa," sauti ilisema ndani. "Endelea."

Nilimziba mdomo kwa kiganja, nikamvuta, tukaanguka wote wawili kwenye nyasi. Nilimshika hivyo, kichwa chake kifuani kwangu, hadi pumzi yake ikatulia. Wimbo ulikuwa umekoma. Mbwa wa jirani alikuwa akilia chini ya gari la wenyewe.

Lizelle akainua uso. Akanitazama, akatazama mlango ulio wazi, akakunja uso kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

"Mama," aliuliza, "nilikuwa nasema nini?"

Mimi nilikuwa najua. Siku ile ya mfereji nilikuwapo, nimekaa ukingoni na taulo mapajani, na habari hiyo sikuwa nimemwandikia mtu yeyote. Nilikuwa nayo yote. Maji ya kahawia, mikono midogo, Barend akicheka huku shingo inatoka damu. Nilivuta pumzi nimwambie.

Ndani ya kombi, kitanda kikalia. Kitu kizito kilikuwa kikijisogeza, taratibu, kuja upande wa mlango, ili kisikie vizuri.