Maji Ndani ya Dizeli

Rahel alipenda usafi kupita kiasi. Pale kijijini Masakta majirani walimtania kwamba hata kuku wake huoga. Kila asubuhi alifagia uwanja, akaosha vyombo, akaosha ndoo, akaosha na madumu. Dumu la dizeli la mume wake, Baltazar, nalo halikusalimika. Kila Baltazar alipotaka kwenda nalo Katesh kununua mafuta, Rahel alilisuuza kwa maji na sabuni mpaka likanukia. Baltazar alimsifu kwa hilo.

Baltazar alikuwa na pikapu ya dizeli, kuukuu lakini yenye nguvu. Aliitumia kubeba alizeti na mbaazi kutoka mashambani. Kwa kuwa kituo cha mafuta kiko mbali, aliweka akiba ya dizeli nyumbani.

Mama yake Baltazar, Zita, aliishi nao. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Rahel alipoolewa miaka mitatu iliyopita, akitokea Dongobesh, tayari mama alikuwa haoni. Alimjua mkwe wake kwa sauti tu, na kwa mikono iliyomwandalia uji. Hata hivyo walipendana sana. Rahel mwenyewe hakuwa na mama, na kwa Zita alikuwa amempata.

Mwezi huo lilisomwa tangazo kanisani. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Katesh kwa siku tatu. Jina la Zita liliandikwa, akapangiwa Alhamisi. Madaktari wakiondoka, hawarudi mpaka mwakani.

Jumanne pikapu ikagoma. Baltazar alikuwa anapanda kilima na magunia ya mbaazi. Gari likapungua nguvu, likakohoa, likazima. Majirani walilivuta kwa ng'ombe wanne mpaka nyumbani, na watoto wakashangilia kama wanaona harusi.

Baltazar hakucheka. Alifungua filta ya dizeli, lile kopo jeusi linalochuja mafuta kabla hayajafika kwenye injini. Aliijaza petroli, akaitikisa, akaimwaga, akairudisha. Alikuwa ameshafanya hivyo mara mbili mwaka huo. Akapiga stata. Injini iliwaka, lakini ilizima kabla gari halijafika getini.

"Tutafute pikipiki ya kumpeleka mama," alisema.

"Kwa nyonga yangu hii?" Mama alijibu kutoka kibarazani. "Ile ya mwaka jana ilinitupa. Sipandi tena. Niacheni tu, wanangu. Giza nimeshalizoea."

Rahel alisikia uchungu moyoni. Alikwenda akaketi karibu na mama, akamshika mkono.

"Mama, usiseme hivyo. Alhamisi utakwenda." Kisha akamgeukia mume wake. "Baba, tumwite mama Eufrasia."

"Wa mashine ya kusaga? Yule ni fundi wa unga. Hili ni gari."

"Mashine yake inakunywa nini?"

Baltazar alikuna kichwa. "Dizeli," alisema polepole.

"Basi. Kuuliza si ujinga."

Jumatano asubuhi Eufrasia alifika, unga bado uko kwenye nyusi. Alikuwa ameendesha mashine yake kwa miaka ishirini, na injini yake ikiharibika aliitengeneza mwenyewe.

"Shikamoo, mama," Rahel na Baltazar walimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Injini imepoa?"

"Imepoa tangu jana."

"Vizuri. Rahel, jiko la mkaa lisogeze mbali. Hapa hakuna moto, hakuna sigara. Niletee beseni na chupa nyeupe, inayoonyesha ndani."

Chini ya filta palikuwa na kizibo kidogo cha kutolea maji. Eufrasia alikilegeza, akakinga kwa chupa. Kisha aliiweka chupa juu ya jiwe.

"Sasa tusubiri kidogo. Itasema yenyewe."

Baada ya muda kitu kilionekana. Dizeli ilikaa juu. Chini yake kulikuwa na maji, tena machafu.

"Haya ni maji," Eufrasia alisema. "Injini ya dizeli haitaki maji. Yanaleta kutu, yanaharibu pampu. Filta inayazuia, lakini yakizidi nayo inashindwa. Baltazar, hakuna taa iliyowaka hapo mbele ya usukani?"

"Ilikuwepo moja ya njano," Baltazar alisema. "Nilidhani ni kiherehere chake tu. Nikaibandika utepe wa gundi."

"Taa inakuita, wewe unaiziba mdomo! Na filta hii uliibadilisha lini?"

"Huwa naiosha kwa petroli."

Eufrasia alitikisa kichwa. "Ndani kuna karatasi, imekunjwa kama kurasa za daftari. Ikiziba, imeziba. Ukiiosha inadhoofika, na uchafu unapita. Filta ya namna hii haioshwi, inabadilishwa. Sasa niambieni, maji haya yametoka wapi? Dizeli mnaiweka kwenye nini?"

Rahel alikwenda stoo, akarudi na dumu.

"Ni mimi," alisema. "Huwa naliosha kila linapokwenda Katesh. Silikaushi. Maji yanabaki ndani." Machozi yalimtoka. "Mama akikosa daktari, ni mimi niliyemnyima macho."

Baltazar alitazama dumu, kisha akatazama filta kwenye gari.

"Si wewe peke yako," alisema. "Wewe umeosha dumu, mimi nimeosha filta."

"Hii ndiyo nyumba ya watu wasafi!" Eufrasia alisema.

Kibarazani Zita alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu Rahel, njoo hapa," aliita. Rahel alipofika, mama alimfuta machozi kwa kiganja. "Mtu haadhibiwi kwa kupenda usafi. Nenda kamsaidie mama Eufrasia. Mimi bado nina safari."

Eufrasia aliifungua filta ya zamani, akampa Baltazar ndani ya mfuko. "Nenda nayo dukani Katesh. Usiseme kwa mdomo tu, waonyeshe. Ya gari jingine inaweza kufanana kwa nje na isikae."

Baltazar alipanda bodaboda. Huku nyuma, wale wanawake wawili walifungua kizibo cha chini ya tangi, wakakinga beseni. Maji yalitoka kwanza, halafu dizeli chafu. Hawakuimwaga chini wala mtoni. Waliitia kwenye dumu kuukuu, wakaliandika 'dizeli chafu', wakaliweka mbali na watoto ili lipelekwe gereji. Kisha Eufrasia alitia tangini dizeli safi kutoka kwake.

Saa saba Baltazar alirudi na filta mpya. Akachukua spana.

"Weka chini," Eufrasia alisema. "Mikono yako ina nguvu mno. Rahel atafunga."

"Mimi?"

"Wewe. Leo usafi wako una kazi. Futa pale filta inapokaa kwa kitambaa kikavu. Angalia mpira wa zamani usiwe umebaki pale. Ukifunga mpira juu ya mpira, mafuta yatavuja. Umeona? Sasa pakaa mpira mpya dizeli kidogo kwa kidole. Zungusha kwa mkono mpaka mpira uguse. Haya, ongeza robo tatu ya mzunguko. Basi. Kizibo cha chini umekifunga?"

"Nimekifunga."

"Sasa tutoe hewa. Hewa ikibaki, injini haiwaki. Bonyeza hapo juu."

Juu ya filta palikuwa na pampu ndogo ya mkono. Rahel aliibonyeza. Mwanzoni ilikuwa laini. Akabonyeza tena na tena, mpaka ikawa ngumu chini ya kiganja.

"Imegoma," alisema.

"Maana yake mafuta yamejaa. Baltazar, piga stata."

Mara ya kwanza injini ilikohoa. Mara ya pili iliwaka, ikatulia, ikanguruma vizuri. Eufrasia aliinama na kitambaa, akapapasa kuzunguka filta. Kitambaa kilitoka kikavu. Hapakuvuja tone.

"Kuanzia leo," alisema akinawa kwa sabuni, "dumu la dizeli ni la dizeli tu. Mkilifuta, mlifute kwa kitambaa kikavu. Mfuniko ukae. Kila baada ya wiki mbili fungueni kizibo cha filta, mtoe maji. Na filta mbadilishe kabla gari halijagoma."

Baltazar alibandua utepe kwenye ile taa. Ilikuwa imezimika.

Alhamisi walipanda kilima kile kile bila kusimama. Zita aliketi mbele, Rahel kando yake. Mchana wa siku hiyo mama alifanyiwa upasuaji wa jicho moja.

Asubuhi ya Ijumaa muuguzi aliondoa bandeji taratibu. Zita alipepesa jicho. Alitazama dirisha, akatazama mikono yake mwenyewe. Kisha akamwona mwanamke mwembamba amesimama mbele yake, ameshika khanga kwa vidole vyote kumi.

"Shikamoo, mama," Rahel alianza. "Unaona? Mama, unaniona? Jicho haliumi?"

Zita aliinua mkono.

"Nyamaza kidogo, mwanangu. Sauti yako naijua miaka mitatu. Sasa nataka kukuona."

Rahel alinyamaza, akasogea karibu na mwanga.