Viganja vya Wilbert

Kila asubuhi Felicitas alikwenda bombani kuchota maji. Siku hizo za Mwingereza, mtaa wao mzima wa Temeke ulitegemea bomba moja, nalo lilitoa maji kwa uvivu wa ajabu. Mtu aliweza kutega ndoo, akaenda kuolewa, akarudi na mtoto mgongoni, akakuta ndoo bado haijajaa. Ndiyo maana habari zote za mtaa zilianzia pale.

Jumamosi moja habari ilimhusu kaka yake.

"Feli, si Jumatatu kaka yako anakwenda kuhojiwa kule chuo cha waganga wasaidizi?" aliuliza Somoe, rafiki yake wa darasani. "Mwambie asijisumbue."

"Kwa nini?"

"Mjomba wangu anafagia palepale. Anasema mwaka huu wanataka watu wa shamba tu, watakaokubali kukaa kwenye zahanati za mbali. Watoto wa mjini wakipelekwa huko, mwezi haujaisha wamesharudi na lori la mkaa, eti mama mgonjwa. Mmoja mwaka jana alimwua mama yake mara mbili, na mama mwenyewe anauza vitumbua Kariakoo!"

Wanawake waliosubiri maji walicheka. Felicitas hakucheka. Wilbert alitamani uganga tangu akiwa mdogo. Mwaka uliopita walimkataa. Wakimkataa tena, baba alikwisha kumtafutia kazi ya ukarani bandarini, na baba yao akiamua jambo, hata nguzo za nyumba zilikubali.

"Watamjuaje mtu wa shamba?" aliuliza.

"Kwa viganja," alijibu Somoe bila kusita, kama aliyewahi kukaa na wakubwa hao mezani. "Bibi yangu wa Mbagala viganja vyake vyeusi kama sufuria. Ni utomvu wa maganda ya korosho. Ukimwona tu, unajua huyu ni mtu wa shamba."

Felicitas alibeba ndoo yake ikiwa nusu. Alikwisha pata la kufanya.

Wilbert alikuwa na desturi ya kwenda Mbagala kila Jumamosi. Siku hiyo Felicitas alimfuata. Mbagala wakati huo ilikuwa shamba tupu, mihogo na mikorosho, na katikati yake zahanati ndogo ya mganga mmoja mzee aitwaye Fakihi. Tangu mvua za masika, Wilbert alikuwa akimsaidia mzee huyo kuchemsha bendeji na kuosha vidonda vya watoto. Hakuna aliyemtuma.

"Kaka Wibati! Kaka Wibati amekuja!" watoto walipiga kelele, wakamning'inia mikononi.

"Sijui unafuata nini huku," alisema Felicitas, akiziba pua.

"Hata mie sijui," Wilbert alicheka. "Nisipokuja, Jumapili yote naona kama nimesahau kitu."

Felicitas hakumsikiliza. Aliinama chini ya mikorosho akiokota korosho mbichi, akazifunga kwenye pindo la kanga.

Jumapili, baada ya kutoka kanisani, alimwita kaka yake nyuma ya nyumba. Alikuwa ameponda maganda juu ya jiwe na kukinga utomvu wake kwenye kifuu.

"Nipe mikono."

"Lakini Feli, mie sijawahi kulima hata tuta moja."

"Ndiyo maana tunapaka! Unataka uganga au unataka bandari?"

Wilbert alijua kwamba ni udanganyifu. Lakini alipoikumbuka ile bandari, akatoa mikono. Felicitas akampaka vizuri kwa unyoya wa kuku, kama anayepaka mkate siagi.

Sasa, wale wenye mikorosho kwao mnajua kilichofuata. Felicitas na Wilbert walikuwa watoto wa Wahaya. Korosho waliijua ikiwa imekwisha kaangwa, ikiwa imefungwa kwenye karatasi. Hawakujua kwamba utomvu wa ganda bichi huunguza kama moto. Jua halijatua, viganja vya Wilbert vilikuwa vimevimba kama maandazi, na malengelenge juu yake.

"Jamani, mwanangu! Umeshika nini?" alilia mama yao, Mama Auleria.

"Siafu, mama," alidakia Felicitas.

"Siafu gani hao, wamechagua viganja tu kama mafundi wa hina?"

Mama alimwosha kwa sabuni na maji mengi ya baridi, akamfunga vitambaa safi. Jumatatu Wilbert hakuweza kushika hata kalamu, ikabidi Felicitas afuatane naye kumbebea vyeti vyake.

Walikuta vijana wengi kwenye benchi. Mlango ulikuwa wazi, kila neno la ndani lilisikika. Aliyekuwa akihojiwa ni kijana mmoja aitwaye Ansbert, mwenye tai nyekundu.

"Ukipelekwa zahanati ya mbali, nini kitakurudisha mjini?" aliuliza Daktari Shomari, mtu mnene mwenye sauti ya upole.

"Hakuna, Bwana Daktari! Mimi napenda shamba kuliko mjini."

"Vizuri. Mara ya mwisho ulikwenda shamba lini?"

"Nilipita, Bwana Daktari. Kwa treni."

Ansbert alitoka akijifuta jasho. Wilbert akaitwa, na Felicitas akaingia nyuma yake.

"Shikamoo, Bwana Daktari," waliamkia wote wawili.

"Marahaba. Na huyu binti ni nani?"

"Mimi ni dada yake, mzee. Leo mimi ndiyo mikono yake," alisema Felicitas. "Yake imeumia kwa kulima. Analima sana huyu! Amezaliwa shambani, amekulia shambani."

"Analima nini?"

"Korosho, mzee."

Daktari alifungua kitambaa kimoja taratibu, akatazama, akanusa. "Binti yangu, mimi ni mtu wa Lindi. Korosho hailimwi kwa viganja, na hakuna mkulima wa korosho anayejipaka utomvu wake kama mafuta ya nazi. Nani amemfanyia hivi?"

Felicitas alimtazama kaka yake, akajua kwamba neno atakalolisema yeye sasa litampeleka Wilbert chuoni au bandarini.

"Ni mimi," alisema, na machozi yakamtoka. "Walisema mnataka watu wa shamba, nikampaka. Amezaliwa mjini, hajalima hata siku moja."

"Nami nilijua ni uongo, nikatoa mikono," aliongeza Wilbert.

Daktari alifunga tena kitambaa. "Basi sasa nijibu kweli. Nini kitakurudisha mjini?"

"Upweke, mzee. Na giza." Wilbert alitazama dirishani. "Na fisi."

Daktari alikohoa kuficha kicheko. "Na nini kitakubakiza huko?"

Felicitas ndiye aliyejifuta kamasi akasema, "Mzee, huyu harudi mjini, anarudi Mbagala! Kila Jumamosi, hata mvua inyeshe, anakwenda kuosha vidonda vya watoto. Tunamkataza, anakwenda."

"Kwa nini hukusema?" Daktari alimwuliza Wilbert.

"Nilidhani Mbagala si kitu, mzee. Ni kuosha vidonda tu."

Daktari alimrudishia Felicitas vyeti. "Nasikia. Lakini mmekwisha kunidanganya mara moja. Nendeni nyumbani."

Jioni hiyo Felicitas alimweleza mama kila kitu. Mama alimgombeza mpaka jirani akaja kumwombea msamaha, kisha akamkumbatia.

Jumamosi Wilbert alikwenda Mbagala kama kawaida, mikono yake ikiwa bado imefungwa. Felicitas alikwenda naye. Kaka alisimama akielekeza, yeye akaosha vidonda, pua wazi. Hawakumwona mtu mnene aliyeshuka kwenye baiskeli, akaongea kirefu na Mzee Fakihi, kisha akasimama nyuma yao.

"Wilbert," alisema Daktari Shomari, "Januari uje chuoni. Mimi sitafuti mtu aliyezaliwa shamba wala mwenye viganja vyeusi. Namtafuta mtu ambaye wagonjwa wakimzoea, hawezi kuwaacha."

Wilbert alishukuru kwa mikono yote miwili, vitambaa na vyote.

Daktari akamgeukia Felicitas. "Nawe sikia, binti yangu. Kaka yako alikuwa na sifa ya kweli, nzuri kuliko zote nilizozisikia siku ile. Wewe ukaifunika kwa uongo, tena ukamwunguza mikono. Ungeshikilia uongo wako, ningemkataa. Siku nyingine ukitaka kumsaidia umpendaye, sema ukweli wake. Huo unatosha."

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

Alitaka kusema zaidi, lakini mtoto mmoja mwenye kidonda gotini alimvuta gauni.

"Dada, zamu yangu," alisema.

Felicitas akachota maji ya uvuguvugu, akainama.