Vyote vya Shambani

Gari-nyumba lilipanda Milima ya Uluguru lenyewe, bila mtu kwenye usukani, wenye nalo wakinywa chai ya tangawizi mezani. Lilikuwa na kitanda, jiko, bafu, na sauti ya kuongoza wageni iliyokuwa gumzo la watu mwaka ule wa 2091.

"Kushoto kuna mvule," lilisema. "Usiguse gome lake, mjukuu wangu. Nyuki wamo."

"Jamani, mke wangu, umetisha!" Mbaraka alicheka. "Utadhani mzee mwenyewe yumo kwenye buti."

Dkt. Nyemo Chilongani alitabasamu kwa maringo. Yeye ndiye aliyebuni kofia-mrithi. Mtu huivaa kwa muda mfupi, huitajia kazi anayoijua, nayo hunakili ujuzi wote wa kazi hiyo na kuutia kwenye mashine. Wanaoijua misitu ya asili walikuwa wamebaki wachache, kwa hiyo wa kwanza kuivaa, masika yaliyopita, alikuwa Mzee Kobelo, mwongoza wageni wa msitu huu, ambaye ujuzi wake ndio uliotiwa kwenye gari hili. Safari hii ilikuwa ya kumshukuru, kisha waendelee hadi Hombolo, Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu za mvinyo, kwa baba yake Nyemo.

Walimkuta Mzee Kobelo mlangoni kwake, ukingoni mwa msitu.

"Shikamoo, mzee. Tumekuja ututembeze."

"Marahaba. Niwatembeze wapi?"

"Si humo msituni!"

Mzee aliutazama msitu, akarudi nyuma. "Huko sikujui, binti yangu. Nitapotea."

Nyemo alidhani anataniwa. Akamwonyesha mvule uliokuwa mbele yao. "Na huu?"

"Mti," alisema mzee. "Tangu nivae lile likofia lako, kila nikiamka kuna kitu kimeondoka."

Lo! Hapo Nyemo alielewa. Kofia ilikuwa hainakili, ilikuwa inahamisha, polepole, mpaka kichwa kibaki kitupu. Na wao, wasomi wazima, walikuwa wamepima mashine tu. Hakuna aliyerudi kumpima mtu.

"Baba!" alipiga ukelele. "Mbaraka, kofia ya pili anayo baba!"

Alipiga simu. Haikupokelewa. Gari likageuzwa na kutimuliwa mbio kuelekea Dodoma.

"Si ulimwambia akusubiri?" Mbaraka aliuliza njiani.

"Nilimwambia. Lakini baba na kusubiri wapi na wapi?" Alikuwa analia waziwazi, chai imepoa mezani.

Hombolo, mikono-chuma ya mashine ilikuwa ikivuna. Kabla ya kukata kila kichala, iligonga kikonyo mara mbili kwa mgongo wa kisu. Nyemo alipoona hivyo, aliruka kutoka garini. Ile ilikuwa tabia ya baba yake, na ya baba yake peke yake.

Shangazi Sechelela alimpokea bila hata kumsalimia. "Alivaa siku ile ile ilipofika. Alitaka ukija umkute tayari, ufurahi. Kofia ikamuuliza ichukue nini. Akacheka, akasema, chukua vyote vya shambani."

Vyote! Nyemo alifiwa na mama akiwa mchanga. Baba alimfungia bembea ya kanga kwenye nguzo za mizabibu, akambembeleza huku anavuna. Alitambaa humo shambani, akasimama humo, akasema neno la kwanza humo. Kila asubuhi ya mavuno kichala cha kwanza kilikuwa chake. Baba angemjulia wapi tena, kama si shambani?

Mzee Chilongani alitoka ndani, mzima wa afya, uso umechangamka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mgeni wangu. Karibu sana. Umemfuata nani?"

Nyemo alimkaribia, akamshika mkono.

Nyuma yake mkono-chuma mmoja ulisimama ghafla. Uligonga kikonyo mara mbili, ukakata kichala, ukamnyooshea.

"Nyemo wangu," ulisema kwa sauti ya baba yake, "umeamka? Njoo ule, mwanangu."

Mzee Chilongani akacheka kwa upole, akamgeukia dada yake.

"Huyo Nyemo ni nani, jamani, mbona mashine inampenda hivyo?"