Dienofili Mpya wa Waceke

Ijumaa mchana Barabara ya Tom Mboya ilifurika watu, na Waceke akajikuta amesukumwa hadi ndani ya duka la miwani. Gauni lake la kitenge cha buluu lilimkaa vizuri hata Lenox, fundi wa duka, akasahau skrubu aliyokuwa akikaza.

"Sasa, mrembo? Tukusaidie?"

"Nimesukumwa tu. Lakini miwani yangu ya maabara imelegea kweli."

"Maabara unafanya nini?"

"Naunganisha molekuli. Kuna dieni, ina elektroni za kugawa. Halafu kuna dienofili, ana njaa ya hizo elektroni. Wakikutana wanashikana pande mbili kwa mpigo, wanakuwa pete."

"Aki unaongea kama mtu amependa."

"Si nimependa!"

Haukupita muda, wakawa wanaitana "babe".

Jioni moja Lenox alimpelekea sambusa kazini, Muthangari. Mlangoni akamsikia akicheka kwenye simu na rafiki yake.

"Cate, yule wa zamani nimemwacha! Mzito, mpaka umpashe moto ndiyo asonge. Huyu mpya hata habembelezwi."

Lenox alimwachia bawabu sambusa, akaenda zake. Simu za Waceke hakuzishika siku kadhaa. Aliposhika, sauti ilikuwa kavu.

"Si uko na mpya? Mwambie akupigie."

"Mpya gani?"

"Asiyebembelezwa."

Kisha Waceke akaangua kicheko kilichokaribia kilio. "Lenox, mpenzi, huyo ni dienofili! Kuja uone."

Alikuja Jumamosi, kanuna bado. Waceke, koti jeupe limefungwa hadi shingoni, alidondosha dienofili mpya, maji mekundu kama damu, ndani ya chupa ya dieni. Kila tone lilipogusa, wekundu ukapotea.

"Rangi imeenda wapi?"

"Iko humo. Imeshaungana na dieni. Yule wa zamani ningemchemsha kutwa nzima."

Lenox hakuiangalia tena chupa. Alimwangalia yeye, mkono umetulia, uso unang'aa, akaona fahari iliyoshinda aibu yake.

"Niliogopa," alisema. "Sijawahi kukusikia ukinisifu hivyo."

"Hukuwa ukisikia. Cate amechoka na jina lako."

Lenox akamsogelea. "Mama yuko Ngara, anataka kukuona. Nimemwambia nataka kukuoa."

"Umemwambia yeye kwanza?"

"Wewe nilikuwa nimekununia."

Waceke akavua glavu, akamshika mikono yote miwili. "Basi niambie sasa."

Akamwambia. Waceke akaitikia kabla hajamaliza.