Bolti Iliyofunga Geti

Saa mbili asubuhi ya Jumamosi, Koplo Hamza alifungua sanduku la chuma mbele ya wanafunzi makadeti arobaini waliokaa kwenye majani, akatoa bunduki aliyokuwa akiwafundishia kwa wiki mbili. Mahali pa bolti, kile chuma cha ndani kinachosukuma risasi, palikuwa na tundu tupu.

Bunduki yenyewe ilikuwa kongwe na risasi haikuwa nayo hata moja. Lakini kwa askari, bunduki isiyotimia ni bunduki iliyopotea. Koplo akairudisha sandukuni, akapuliza filimbi, akaagiza geti lifungwe.

Jumatatu asubuhi lilikuwa bado limefungwa. Sajenti Mwanvita wa upelelezi alifika kwa bodaboda, tope hadi magotini, kwa kuwa gari la polisi lilikuwa limekwama kwenye mwinuko wa Kinole. Kambi ilikuwa katika majengo ya zamani ya ushirika wa wakulima wa viungo, ndani ya bonde lililobanwa na milima pande tatu. Upande wa nne ndio wenye geti. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati. Watoto waliotakiwa kurudi nyumbani jana yake walikaa barazani wamekumbatia mabegi yaliyokwisha kupekuliwa mara tatu, wala hakuna aliyecheza. Nje, wazazi wachache walisimama chini ya miavuli wakiwatazama wana wao kupitia nondo, kama watu waliokwenda kumwona mfungwa.

Mzee mmoja nadhifu mwenye baraghashia alishuka kwenye gari aina ya Noah lenye vioo vyeusi, akamfuata Mwanvita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Mwinshehe. Nimekuja kumchukua mpwa wangu, Shadya. Bibi yake yu hoi kule Turiani, anamwita. Tangu jana naambiwa hatoki mtu. Mtoto wa kike naye kaiba bunduki?"

"Sheria ya kambi haichagui, mzee. Nitafanya haraka."

"Fanya, mwanangu. Mgonjwa hasubiri."

Koplo Hamza alimpokea ofisini. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Wakubwa zangu wanafika kesho," alisema. "Bolti isipopatikana, mimi nakwenda mahabusu. Na kijana tunayemshuku, tuliyemfungia ghalani, anakwenda kuhojiwa na watu wasiojua kubembeleza."

"Mara ya mwisho uliiona lini?"

"Ijumaa asubuhi. Niliisafisha kwa mkono wangu."

"Kufuli lilivunjwa?"

"Halina hata mkwaruzo. Na ufunguo hautoki kiunoni mwangu, isipokuwa Ijumaa hiyo nilipokwenda kuswali kijijini. Nilimwachia Mwalimu Deogratias, mlezi wa makadeti."

"Mmepekua wapi?"

"Uliza wapi hatukupekua. Magodoro tumeyapasua, maharage tumeyamwaga, choo tumekichokonoa. Vitu vya wasichana tu hatukuvigusa sisi wanaume, matron alitukagulia mwenyewe."

Mwanvita alifikiri kidogo. "Watu walijua kwamba kipande kikipotea geti linafungwa?"

"Wote, wanafunzi na walimu. Siku ya kwanza niliwaambia kipotee hata kipande kimoja, hapa hatoki mtu, awe nani."

Mwalimu Deogratias alikuwa mnene, na pamoja na baridi ile ya mlimani alikuwa akitoka jasho.

"Ufunguo ulikuwa humu tangu Koplo anaondoka mpaka anarudi," alisema akipigapiga mfuko wa shati lake la kaki. Mwanvita aliutazama. Ulikuwa umeshonwa upya kwa uzi wa kijani, mishono midogo iliyonyooka, kazi ya mtu anayeijua sindano. "Tusizunguke, afande. Idrisa, huyo tuliyemfungia, alikuwa zamu stoo sanduku linakokaa mchana ule, akaacha lindo. Alikuwa wapi? Hataki kusema. Asiye na hatia ana cha kuficha?"

"Wengi wanacho, mwalimu."

Idrisa alikuwa amefungiwa kwenye ghala lililowahi kuhifadhi pilipili manga. Vumbi lake lilikuwa bado limo kutani, na kijana yule wa miaka kumi na sita alikuwa amevimba macho, anapiga chafya mfululizo. Dirisha lilikuwa dogo kama sinia. Mwanvita aliacha mlango wazi, akaketi kizingitini.

"Ukinyamaza leo, kesho utawaambia wanajeshi. Mimi ni afadhali."

Idrisa akainama. "Nilipanda juu ya kilima kutafuta mtandao. Nina simu. Nimeificha kwenye mti wa mdalasini."

"Ulimpigia nani?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Anaitwa Yasmin. Anauza chipsi na mama yake pale Msamvu." Akafuta pua kwa kiganja. "Afande, usimwambie baba. Simu ni yake. Nyumbani wanadhani imeibiwa."

Simu ilitolewa mtini ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Kumbukumbu zake zilionyesha kwamba mazungumzo ya Ijumaa yalianza Koplo alipokuwa ametoka tu, yakaisha karibu na kurudi kwake. Kutoka kilimani hadi stoo ni mwendo wa kutosha kumtoa kijana pumzi, na bondeni mtandao haukuwapo kabisa. Mwanvita akamwambia Koplo amtoe yule mtoto anawe uso.

Saa sita hivi alipita chumba cha wagonjwa. Matron Jesca, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na kitu, alimkaribisha kwa chai ya tangawizi.

"Pole na safari, afande. Naomba nikuombe jambo. Geti likifunguliwa, Shadya asisafiri. Ana malaria. Tangu Alhamisi namwambia mwalimu mlezi, haelewi."

"Yuko wapi sasa?"

"Amelala bwenini."

Lakini Shadya hakuwa amelala. Mwanvita alimkuta nyuma ya jiko, kiongozi wa kikosi cha wasichana, sahani ya makande mkononi, akiwaimbisha wenzake wadogo wimbo wa mchakamchaka ili wasilie.

"Umepona malaria?"

"Malaria, afande? Sijaumwa."

"Vizuri. Maana bibi yako wa Turiani ni mgonjwa, anakuita."

Msichana alimtazama asielewe. "Bibi alifariki nikiwa darasa la sita." Kisha sahani ikashuka taratibu mpaka magotini. "Mjomba yuko getini?"

"Tangu jana."

Shadya hakulia. Aliweka sahani chini. "Alisema kambi ikiisha atanipitia, kuna watu nikawaone. Mama anajua. Lakini mama hawezi kumpinga kaka yake, kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Nilimwambia matron peke yake."

Mwanvita alirudi getini pole pole. Kutwa ya Jumamosi na Jumapili watu wazima wa kambi ile walijiuliza nani alitaka bunduki. Lakini anayetaka bunduki haachi bunduki akabeba bolti. Yule mwizi hakutaka silaha. Alitaka geti lifungwe.

Mwanvita alikuwa amevaa gauni na koti la mvua, si sare. Aligonga kioo cha ile Noah wakati mzee yuko mbali akinunua ndizi. Mama mmoja mtu mzima, amejifunga kanga mpya, alishusha kioo. Pajani alikuwa na kikapu chenye hina na udi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Bibi harusi bado hamjamtoa tu? Watu wa bwana harusi kule wanamngoja tangu jana, na mimi ndiye kungwi wake, sijamtia hata mkono."

"Bado kidogo, mama," alisema Mwanvita.

Saa nane walikutana chumba cha wagonjwa: Koplo, Mwalimu Deogratias na matron. Mwanvita alifunga mlango.

"Mwalimu, huo mfuko nani alikushonea?"

Deogratias akajitazama kifuani. "Matron. Ulichanika Ijumaa. Nilimwachia shati nikaenda kuo..." Akaishia hapo.

"Na ufunguo ulikuwa ndani ya shati, na stoo haikuwa na mlinzi." Mwanvita akamgeukia Jesca. "Dada Jesca, niletee sanduku la pedi za wasichana."

Jesca hakusogea. Mwanvita akaliinua mwenyewe kutoka chini ya kitanda. Ndani ya pakiti ya tatu, iliyofunguliwa na kufungwa tena kwa plasta, bolti ilikuwa imeviringishwa kwa bendeji, mafuta yake yameacha doa jeusi. Koplo aliichukua kwa mikono miwili, akageukia ukutani.

"Shadya hajui lolote," Jesca alisema. "Niandike mimi."

"Kwa nini hukuja polisi?"

"Ningekuja na nini? Mwaka juzi alikuwapo mwingine, Mwanahawa. Nilizunguka ofisi baada ya ofisi, kote naambiwa hayo ni mambo ya ukoo. Shule zilipofunguliwa, hakurudi. Juzijuzi nimemwona sokoni na mtoto mgongoni. Aliniona, akageuza uso." Sauti yake ilikuwa kavu. "Safari hii nilijaribu kusema mtoto anaumwa. Mwalimu akasema atatibiwa kwao. Nikakumbuka maneno ya Koplo. Nilidhani yule mzee atachoka, aende zake. Hakuchoka."

"Na Idrisa je?" aliuliza Mwanvita. "Umemsikia akipiga chafya mle ndani siku mbili."

Jesca akafumba macho. "Nilimpelekea maji. Kila nilipompelekea nilitaka kusema."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia avumilie."

Koplo Hamza aligeuka. "Mimi nina watoto watatu, matron. Kesho wangeletewa habari kwamba baba yao ameuza silaha." Akatoka nje asingoje jibu.

Mzee Mwinshehe aliitwa ofisini, akaingia akitabasamu.

"Mzee, bibi yake Shadya alizikwa lini?"

Tabasamu likabaki pale pale bila mwenyewe. "Mwanangu, sisi Waluguru mambo ya mpwa ni ya mjomba. Haya hayahitaji polisi."

"Kungwi wako ameshanieleza. Mtoto yuko kidato cha tatu. Kumwoza mwanafunzi ni jinai, ukoo uwe wowote. Utashuka na sisi mjini, na yule bwana harusi utatutajia njiani."

Mzee alitazama dirishani, kwenye milima iliyofunga bonde, kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza.

Geti lilifunguliwa saa tisa. Watoto walikimbia kwa fujo, mabegi yakigongana, na Idrisa alimpita baba yake kwanza kabla ya kurudi, kichwa chini, kumkabidhi simu. Gari lililokuwapo la kushuka nalo lilikuwa ile Noah tu. Koplo Hamza alikaa nyuma, mzee Mwinshehe upande mmoja, Jesca upande wa pili, na wale wawili hawakutazamana. Mbele, kungwi alikuwa bado amekumbatia kikapu chake.

Shadya alisimama ndani ya geti lililo wazi. Wenzake wote walikuwa wamekwisha kuchukuliwa.

"Afande," alisema, "mimi naenda wapi?"

"Leo utalala kwangu. Kesho tutakwenda ustawi wa jamii, na mama yako nitamwita. Panda, tuondoke."

Shadya aliitazama Noah. Miguu yake haikwenda. Mwanvita naye akaitazama, akaona kwamba ni gari lile lile, vioo vile vile vyeusi, lililokuja kumbeba. Akampungia dereva aende.

"Tutashuka na pikipiki," alisema.

Dereva wa bodaboda aliyemleta asubuhi alisita. "Mama, mshikaki, watu watatu kwenye pikipiki moja, na wewe ni polisi?"

"Washa."

Wakapanda, msichana katikati. Walipoanza kuteremka kuelekea Kinole mvua ilikuwa imerudi, na Mwanvita alihisi mgongo wa mtoto yule ukitetemeka kifuani pake, kwa muda mrefu, mpaka Shadya alipoanza kulia kwa sauti.

Hakumnyamazisha.